Ree Mbili na Sikio la Mayo

Siendi Jilore. Hilo nililisema tangu mwanzo, na ile Jumamosi ya karata niliamka nalo kooni kabla hata sijapiga mswaki. Nina saluni Mishomoroni, chumba kimoja cha mabati chenye kioo kikubwa na feni mbovu, na wateja wangu nimewatafuta mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Eti nifunge, nikakae shamba nifukuze nyani kwenye mahindi? Thubutu!

Lakini mmoja wetu ilikuwa lazima aende. Mama yetu, Kafedha, ambaye sisi twamwita Mayo kama Wagiriama wengine wamwitavyo mama, aliteleza akitoka kisimani, goti likavimba likawa halikunjiki. Kaka yangu Kitsao akamfuata Jilore akamleta kwangu atibiwe. Goti likapoa, ila daktari akasema huyu bibi asikae peke yake tena. Baba alishafariki zamani. Haya basi, Mayo, kaa na sisi mjini. Hataki! "Nyumba za huku," asema, "mtu akikohoa jirani ndiye amwambiaye pole." Hilo ndilo mimi nilipendalo Mishomoroni, lakini nenda kamweleze. Jumapili alikuwa arudi kwake, na wa kurudi naye hajajulikana.

Watoto wake ni sisi wawili tu. Kitsao ni mpishi hotelini kule Bamburi, ana mke, ana watoto shuleni. Mimi mume niliyekuwa naye alikwenda zake, na mtoto sina. Basi wajua macho yalimgeukia nani. Kitsao ni mpole, neno kama hilo halimtoki. Aliguna tu, akaitazama saluni yangu, akatazama sakafu.

"Sema!" nikamwambia. "Sema kwamba kwa vile sina mume, basi mimi ni mkoba, nabebwa popote!"

"Dada, taratibu. Mayo atasikia."

Kati ya saluni na chumba cha nyuma ninapolala kuna mbao nyembamba na pazia, na Mayo alikuwa huko na goti lake. Tukaendelea kugombana kwa kunong'ona mpaka koo zikakauka.

Mimi ndiye niliyesema tucheze. Karata haziulizi nani kaolewa na nani kaachwa. Atakayeishiwa ndiye aende Jilore, na asinune.

Mchezo wetu ni Omaha. Kitsao aliuokota kwa wageni wa hoteli, na ile miaka ya korona, hoteli zilipofungwa akawa hana kazi, akanifundisha hapa hapa saluni, tukichezea maharagwe. Kila mtu apewa karata nne, azifiche. Kisha za mkekani, za wote wawili, zafunuliwa tano: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika nne zako watumia mbili tu, si zaidi si pungufu, ukaziunga na tatu za mkekani. Na kuna kikomo: huwezi kupandisha dau zaidi ya kile kilichomo chunguni, yaani vilivyokwisha kuwekwa na wote. Kikomo hicho ndicho kiniuacho mimi. Nikishika kitu kizuri nataka nitupe vyote vilivyo mbele yangu nimalize maneno, na mchezo wanishika mkono: polepole, mama, kwa kiasi cha chungu.

Safari hii tulichezea korosho, zile za maganda alizokuja nazo Mayo kikapuni, na chungu kilikuwa kibakuli changu cha kukorogea rangi ya nywele. Tulitandika mkeka sakafuni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, feni imelala, na mabati yalikuwa yatema moto. Jirani yangu Intisar alikuwa kwenye kiti cha wateja, nywele mbichi ndani ya taulo, mtandio juu yake kwa ajili ya Kitsao, akingoja stima irudi nimkaushe. Ana harusi jioni.

"Yailahi, Mweri, mwacheza kamari mchana kweupe?" akauliza.

"Korosho tu, dada Intisar," akasema Kitsao.

"Na mshindi apata nini?"

"Korosho," nikajibu haraka, nikashughulika na kuzichanga karata.

Kabla hatujaanza niliondoka nikakifunika kioo kwa leso. Nilikuwa nimekaa nimekipa mgongo, na sikutaka Kitsao azione karata zangu ndani yake. Yeye akacheka, lakini mimi nilikuwa siamini mtu siku hiyo. Nilifunika hata kile kioo kidogo cha mkononi.

Nilianza vizuri. Kitsao hucheza kama apikavyo, huonja onja, na mimi nikamkurupusha kurupusha mpaka fungu langu likawa kubwa kuliko lake. Nikaanza kuwaza nitakavyompigia simu kila Jumapili, niulize hali ya nyani. Kisha nikapewa ree mbili.

Ree, kwa asiyejua karata, ndiyo kubwa kuliko zote. Nikazipata mbili katika zile nne, na moyo ukaruka. Nikapandisha kiasi cha chungu. Kitsao akafuata. Zikafunuliwa tatu za mkekani, nikapandisha tena, nikiwa nimekaa juu ya magoti. Kitsao akanitazama, akatikisa kichwa, akazitupa zake.

"Ah! Mbona watupa?"

"Una ree mbili."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ukizishika, Kisauni nzima yajua. Wahema."

Intisar akacheka hadi taulo likalegea. Nikazibwaga karata mkekani, ree zangu zikaonekana, na chunguni nikaokota korosho za kutosha mtoto mdogo. Nilikasirika wallahi, na mimi si Mwislamu.

Na Kitsao, badala ya kunyamaza, akanifundisha. Ndivyo alivyo, atakufundisha hata namna ya kumshinda. "Sikiza," akasema. "Ree mbili ndizo karata bora kabla mkeka haujafunuka. Lakini ni kabla tu. Zikishatoka zile tatu, mimi mwenye karata za kufuatana naweza kupata jozi mbili, naweza kupata mfuatano, na wewe bado umezikumbatia ree zako. Kwa hiyo korosho nyingi ziingie mapema. Na ukiona fungu lako ni kubwa, kikomo hakikuruhusu kuziingiza nyingi kwa mara moja, basi usipige kelele. Fuata tu, kama mtu asiye na kitu. Ngoja mimi nipandishe. Nikipandisha, hapo unirudishie kwa nguvu zote, chungu kishanenepa."

"Na kama hukupandisha?"

"Mimi huwa napandisha ukifuata tu. Najua huna kitu."

Hilo nikaliweka moyoni.

Tukaendelea. Joto likazidi. Nikainuka nikachungulia nje kama taa za jirani zimewaka, nikarudi, nikainuka tena nikanywa maji, nikarudi nikasahau nimeshika nini. Kitsao akashinda kidogo, nikashinda kidogo, mafungu yakakaribiana, langu likawa dogo kwa konzi moja ya korosho. Kila nikitazama korosho naona Jilore: nyumba ile ya udongo, kimya, saa ya alasiri, mtu hasikii ila kuku. Nilikulia humo na nilitoka mbio. Sikuchukia kwetu, jamani, msinielewe vibaya. Nilichukia kutumwa, kama ambavyo mtu hutumwa chumvi.

Pazia likasogea. Mayo akatoka, mkono mmoja ukutani, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Bi Kafedha," akasema Intisar.

"Marahaba, mwanangu. Mwacheza?"

"Karata, Mayo," nikasema. "Si ulikuwa umelala?"

"Nazisikia zikigongwa, nitalalaje." Akavuta kigoda akakaa nyuma yangu, karibu kabisa, goti lake bovu likanigusa ubavuni. "Chezeni. Mimi natazama."

Kitsao na mimi tukatazamana. Hakuna aliyetaka kumwambia twacheza kitu gani. Ungemwambiaje mama yako kwamba atakayeshindwa ndiye atakayepewa yeye?

Mayo ndiye aliyetufundisha karata. Utotoni tukila cha jioni, sahani zikishaondolewa, tulicheza wahedi, watu wanne, wawili kwa wawili. Na kwetu ishara haikuwa wizi, ilikuwa ndiyo ufundi wenyewe. Ukikonyeza, una mzungu wa nne, yaani mfalme. Ukigusa pua, una turufu. Ukivuta ncha ya sikio, una ree, mwenzako akuachie. Ukiiona ishara ya adui, bahati yako. Usipoiona, umeliwa. Mayo siku zote alicheza na Kitsao. Mimi niliwekwa na baba, na baba, Mungu amrehemu, mbu wakimuuma alijikuna kila mahali, sikujua kipi ni ree na kipi ni mbu. Tukafungwa kila jioni. Nikalia, nikatupa karata, na Mayo akasema, "Huyu na hasira zake." Kila jioni niliomba nibadilishwe, niwe na Mayo. Kila jioni akasema, "Kesho."

Zamu ya kugawa ilikuwa yangu. Anayegawa huweka korosho moja, mwenzake mbili, kisha anayegawa ndiye huanza kusema. Nikagawa. Nikazifunua zangu kidogo, kwa kidole gumba, karibu na kifua.

Ree ya shupaza. Ree ya kopa. Saba ya uru na mbili ya pao.

Ree mbili, lakini peke yao, hizo mbili zingine takataka, si za shupaza wala kopa, wala hazishikani na kitu. Na mafungu yetu yalikuwa bado makubwa, chungu kina korosho tatu. Nikipandisha kiasi cha chungu, atajua. Nikahisi mkono wangu wenyewe wataka kwenda kwenye fungu. Nikaukalia. Sisemi uongo, niliuweka mkono chini ya paja nikaukalia. Nikakumbuka kupumua polepole. Nikawaza habari za kitunguu. Kisha nikatoa korosho moja, ya kulingana naye tu, nikaiangusha chunguni kama mtu aliyechoka.

"Nafuata," nikasema.

Kitsao akatabasamu. Nilikuwa nalijua tabasamu hilo. Mkono wake ukaenda kwenye fungu lake, akajaza kiganja, akauinua. Panda, ndugu yangu, panda! Nilikuwa nimeshahesabu: akiziangusha zile, namrudishia chungu kizima, ataona haya kutupa, atafuata, na korosho zake nyingi zitakuwa humo mkeka haujafunuka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeinyamazisha hasira yangu, na ilikuwa yanilipa.

Mkono wa Kitsao ukasimama hewani. Akatazama juu, nyuma ya bega langu. Akatazama chini. Akazirudisha korosho funguni kwake, taratibu, moja moja.

"Nagonga," akasema, akagonga mkeka kwa kidole. Maana yake hapandishi.

"Unagonga? Wewe?"

"Nagonga."

Zikafunuliwa tatu. Tisa, nane, tatu. Kitsao akaweka kiasi cha chungu, korosho nne tu. Na hapo, kama ningekuwa mtu mwingine, ningezitupa. Chungu kilikuwa kidogo, ree zangu hazikupata msaada wowote, na mtu aliyekataa kupandisha sasa anapandisha. Kitsao alishaniambia. Lakini niambie, mtu gani aliyekulia kwenye wahedi atatupa ree mbili? Kwetu ree hailiwi ila kwa turufu, na hapa hakuna turufu! Nikapandisha chungu kizima. Akanirudishia chungu kizima. Nikasukuma zote zilizobaki, korosho zikabiringika mpaka miguuni kwa Intisar.

Kitsao akafunua zake, za kufuatana: mzungu wa tatu, kumi, tisa, nane. Jozi mbili, tisa na nane. Mimi jozi moja, kubwa, ya bure.

"Bado mbili," akasema kwa sauti ndogo.

Ikaja tano. Ningepata tano nyingine au tatu nyingine, niwe na jozi mbili, au ree, ningepona. Nikaomba. Nikaomba kwa sauti, Intisar naye akaomba kwa Kiarabu bila kujua tunaomba nini. Ikaja mzungu wa nne.

Niliitazama ile karata na nikaona saluni yangu imefungwa kufuli, leso juu ya kioo, na mwanamke mwingine amepanga chumba auza mkaa. Sikulia. Nilisimama nikakaa, nikasimama tena.

"Bi Kafedha," akasema Intisar, akiokota korosho miguuni pake, "hilo sikio lako lina nini? Tangu Mweri agawe unalivuta. Nikutilie mafuta ya habasoda?"

Nikageuka. Mayo alikuwa ameshika ncha ya sikio lake, bado. Akaiachia.

Nilielewa mara moja, na Kitsao akainamisha kichwa.

"Ulimwambia!" nikapiga kelele. "Umekaa nyuma yangu, umeziona ree zangu, ukamwambia! Na wewe, Kitsao, ukaona ukanyamaza!"

"Nilikuwa karibu kupandisha, dada. Nilimwona Mayo, na mkono ukarudi wenyewe. Ni mazoea. Turudie. Tugawe upya, mimi sijali."

"Hakuna kurudia," akasema Mayo.

"Ndiyo, hakuna!" nikasema. "Kwa nini turudie? Siku zote ni Kitsao! Tangu mtoto, mwenzako ni Kitsao, mimi niwekwe na baba nifungwe. Nimefunika vioo vyote humu ndani, nimesahau kukufunika wewe! Wajua tulikuwa twachezea nini?"

"Najua. Hizo mbao zenu ni nyembamba. Tangu juzi mwanong'ona kama panya."

Intisar akaziba mdomo kwa mtandio. Kitsao akasema, "Mayo, tusamehe."

Mimi sikuomba msamaha. "Wajua, na bado ukamwokoa yeye!"

"Kumwokoa na nini?" akauliza Mayo. "Na mimi?"

Nje mtu alikuwa akipiga honi, na nilitamani aendelee asiache.

Mayo akanyoosha goti, akalisugua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Kitsao ni mtoto mwema," akasema. "Akija kwangu atanipikia, atanifulia, jioni ataniuliza goti vipi, mimi nitasema lapoa, naye atasema haya. Basi. Nyumba ile imenyamaza tangu baba yenu afe, Mweri. Naamka nagombana na kuku. Mlipokuwa mwanong'ona huku, nilisikia wewe unasema siendi, siendi, nami nikasema moyoni, huyu ndiye. Nataka mtu tubishane. Nataka mtu wa kutupa karata."

"Ungesema, basi!" nikasema, na hapo machozi yakanitoka, ya hasira na ya kitu kingine. "Ungesema tu, Mayo!"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Ehe," akasema Mayo.

Kitsao akaanza kuziokota korosho na kuzirudisha kikapuni, pua yavuja. Intisar akasema wazi wazi kwamba kama nywele zake hazitakauka atakwenda harusini na taulo, ila saluni isifungwe. Atakaa yeye mpaka mambo yaeleweke, na mimi nitashuka mjini siku za harusi. Nikamwambia hajui hata kushika chanuo. Akaniambia atajifunza. Nikamwambia atanichomea wateja masikio. Mayo akawa atusikiliza, uso wake wote umechangamka, kama mtu aliyewekewa chakula.

"Nifundisheni huo wa karata nne," akasema.

Kitsao akanipa karata. Nikazichanga vibaya, mbili zikaruka. Nikakaa mkekani mkabala naye, simpi mgongo tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawa natazamana na Mayo juu ya karata.

"Somo la kwanza," nikamwambia, nikipangusa macho kwa mkono wa gauni. "Ukishika ree mbili, hata iweje, usijikune sikio."

"Mimi sikujikuna," akasema. "Nilikuwa nakuita."

Karata zikabaki mkononi mwangu. Kitsao alikuwa ananitazama, na Intisar, na yeye.

"Abee, Mayo," nikaitika, nikagawa.